Faili za Kuzunguka Katika Mfereji Uliopinda: Tunalinganisha Nini?

Waheshimiwa walimu wangu, madaktari wenzangu, na ninyi wanafunzi mliofika mapema mkakalia viti vya mbele, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumza juu ya jambo ambalo limekuwa sehemu kubwa ya kazi yangu: namna ya kupanua na kusafisha mfereji wa mzizi wa jino pale mfereji huo unapopinda, na namna ya kuzilinganisha faili za kuzunguka, yaani vijiti vyembamba vyenye makali vinavyozungushwa na injini, tunazozitumia kwa kazi hiyo.

Nimekuja na faili mbili tu. Zote ni namba 25, maana yake ncha ya kila moja ina kipenyo cha milimita 0.25, na zote ni ndefu sawasawa. Ya kwanza ni ya chuma cha pua na ya pili ni ya nikeli na titani. Nikiikunja ya kwanza kidogo kwa kidole, inanisukuma, inataka kurudi ilikotoka. Nikiikunja zaidi, inashindwa na kubaki imekunjika. Ya pili naikunja kwa pembe ile ile bila kutumia nguvu, naiachia, nayo inanyooka kana kwamba haikuguswa. Ule msukumo mnaouona kidoleni mwangu ndio unaoharibu mizizi. Ndani ya mfereji uliopinda faili ngumu haiachi kutaka kunyooka, na kwa kuwa haiwezi kunyooka bila nafasi, hujitengenezea nafasi kwa kukwangua dentini, yaani ile sehemu ngumu ya jino inayouzunguka mfereji: karibu na ncha ya mzizi hukwangua ukuta wa nje wa mpindo, na katikati ya mzizi hukwangua ukuta wa ndani. Hapo ndipo panapozaliwa kidato ambacho faili inayofuata haiwezi kukipita, tundu la ncha lililoraruliwa likawa refu kama chozi, na mahali pabaya kuliko pote, yaani ukuta mwembamba wa mzizi wa mbele wa gego la chini, upande unaotazama makutano ya mizizi, tundu linalotokezea nje ya jino. Abou-Rass, Frank na Glick waliuita ukuta huo eneo la hatari mwaka 1980, na walitufundisha kuelekeza faili mbali nao.

Kila ninapokutana na madaktari vijana huulizwa faili ipi ya kuzunguka iliyo bora. Anayeuliza huwa ameshasoma majedwali mengi, tena amesoma kwa bidii, na jedwali moja limempa jina hili na jingine likampa jina lile. Mimi humrudishia swali: bora kwa mfereji upi? Simkwepi ninapomjibu hivyo. Ninaamini kwa dhati kwamba kulinganisha faili bila kwanza kuueleza mpindo ni sawa na kulinganisha viatu bila kuuliza mguu, na sehemu kubwa ya mkanganyiko wa majedwali hayo inatoka hapo.

Tuanze basi na mpindo wenyewe. Mwaka 1971 Schneider alipendekeza kuupima kwa pembe. Mstari wa kwanza hufuata mhimili wa mfereji kuanzia mdomoni mwake. Mstari wa pili hutoka kwenye tundu la ncha ya mzizi hadi pale ambapo mfereji unaanza kuuacha mstari wa kwanza. Pembe baina ya mistari hiyo miwili ndiyo kipimo. Kwa mgawanyo wake, mfereji wenye nyuzi 5 au pungufu huhesabiwa kuwa umenyooka, wa nyuzi 10 hadi 20 umepinda kwa wastani, na wa nyuzi 25 hadi 70 umepinda sana. Kipimo hiki ni chepesi, na ndiyo maana kimedumu, lakini kina pengo ambalo lilichukua miaka mingi kuzibwa. Mifereji miwili inaweza kuwa na nyuzi 45 kila mmoja, huku wa kwanza ukipinda polepole katika nusu nzima ya mzizi na wa pili ukipinda ghafla katika milimita mbili za mwisho. Mwaka 1997 Pruett, Clement na Carnes walizungusha faili za nikeli-titani ndani ya mirija iliyopinda, wakabadilisha pembe na pia nusu kipenyo cha mpindo, yaani cha duara ambalo mpindo ni kipande chake, milimita 5 kwa mirija mingine na milimita 2 kwa mingine, wakaonyesha kwamba nusu kipenyo kikipungua, mizunguko ambayo faili inaivumilia kabla ya kukatika hupungua pia. Tangu hapo pembe peke yake haitoshi.

Naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye hesabu ndogo, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna ninavyochagua faili. Faili inapopinda, upande wake wa nje huvutwa na upande wa ndani hubanwa, na kiasi cha mvuto huo, kwa makadirio ya karibu, ni unene wa faili pale penye mpindo ukigawanywa kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha mpindo. Chukueni faili namba 25 inayonenepa kwa asilimia 6, yaani kila milimita moja kutoka nchani inaongeza milimita 0.06 ya kipenyo. Milimita 5 kutoka nchani unene wake ni milimita 0.55. Faili yenye ncha ile ile inayonenepa kwa asilimia 4 ina milimita 0.45 mahali hapo, na ile ya asilimia 2, kama faili zetu za mkono za kawaida, ina milimita 0.35. Katika mpindo wenye nusu kipenyo cha milimita 5, mvuto kwenye ngozi ya chuma ni takriban asilimia 5.5 kwa ya kwanza, 4.5 kwa ya pili na 3.5 kwa ya tatu. Nikeli-titani inaweza kuvutwa hadi karibu asilimia 8 na bado ikarudi katika umbo lake. Chuma cha pua hakifiki hata asilimia 1. Sasa punguzeni nusu kipenyo kifike milimita 2.5 bila kubadilisha pembe. Mvuto wa ile faili ya asilimia 6 unaruka kupita asilimia 10. Kila mzunguko mmoja wa injini unauvuta na kuubana ukuta ule ule wa chuma mara moja, na injini inazunguka mara 300 kwa dakika.

Kutokana na hesabu hiyo inafuata kwamba mahali pa mpindo pana uzito sawa na ukali wake. Mpindo mkali ulio karibu na ncha hukutana na sehemu nyembamba ya faili, ambayo huweza kupona. Mpindo huo huo ukiwa katikati ya mzizi hukutana na sehemu nene, na faili huweza kukatika juu huku kipande kirefu kikibaki chini yake.

Juu ya hayo, eksirei hutuonyesha mpindo mmoja tu, ule wa mbele na nyuma. Mpindo wa kuelekea shavuni au ulimini hauonekani kwenye picha ya kawaida, wala haupungui kwa kutoonekana. Nitawasimulia jino moja. Lilikuwa gego la pili la chini, na picha ilionyesha mzizi wa mbele wenye mpindo wa wastani, pengine nyuzi 20. Faili nyembamba ya mkono namba 10, niliyoitanguliza kukagua njia, ilipotoka ilikuwa na kikunjo kifupi na kikali, milimita tatu hivi kutoka nchani, kikielekea upande wa ulimi. Nilikiona. Niliifuta faili kwa pamba, nikaitazama tena, nikaiweka kando, kwa sababu picha ilikuwa imekwisha kunituliza. Kisha nikaingiza faili ya kuzunguka namba 25 yenye asilimia 6, ambayo ilikuwa imetumika katika meno mengine kabla ya hilo. Sauti ya injini haikubadilika hata kidogo. Nilipoitoa ilikuwa fupi. Kipande cha milimita tatu kilibaki ndani, kimekatika pale pale penye kikunjo. Nilimweleza mgonjwa siku hiyo hiyo kabla hajanyanyuka kitini, na mwenzangu mwenye darubini alifanikiwa baadaye kupita kando ya kipande na kulimalizia jino. Nililikosea jino lile kabla injini haijawashwa, na ningelikosea kwa faili ya aina yoyote yenye unene ule. Faili namba 10 ilikuwa imeniletea ramani kamili nami sikuisoma.

Tugeukie sasa chuma chenyewe, maana hapa ndipo tofauti kubwa za kweli zilipo. Aloi, yaani mchanganyiko, ya nikeli na titani ilitengenezwa na William Buehler na wenzake katika maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani, na jina lake la kwanza, Nitinol, limeunganishwa kutokana na majina ya madini hayo mawili na herufi za maabara hiyo. Ilichukua miaka mingi kufika kwenye mzizi wa jino. Mwaka 1988 Walia, Brantley na Gerstein walichukua waya wa kunyooshea meno, wakauchonga uwe faili za mkono namba 15, wakakuta kwamba zinakunjika kwa wepesi mara mbili hadi tatu kuliko faili za chuma cha pua za namba hiyo hiyo. Wepesi huo ndio uliowezesha jambo ambalo hapo awali lingekuwa hatari, yaani kuizungusha faili mzunguko kamili kwa injini ndani ya mfereji uliopinda.

Aloi hii ina mipangilio miwili mikuu ya atomi zake. Mmoja huitwa austeniti, nao ni mgumu na wenye kurudi; mwingine huitwa martensiti, nao ni laini na wenye kutii. Chuma huhama kutoka mpangilio mmoja kwenda mwingine kwa joto au kwa kubanwa. Faili za kizazi cha kwanza huwa austeniti katika joto la mwili, na zinapopindishwa hugeuka martensiti kwa muda kisha zikaachiwa zikarudi; ndiyo maana ile faili niliyowaonyesha ilinyooka yenyewe. Lakini kunyooka huko, ingawa ni kwa upole, bado ni kunyooka, na katika mfereji wenye nyuzi 40 faili kubwa ya aina hiyo bado husogeza njia. Watengenezaji walipoanza kuupasha moto waya kwa utaratibu maalumu, kabla au baada ya kuuchonga, waliipandisha ile nyuzijoto ya mgeuko, hivi kwamba faili ikiwa mdomoni hubaki na sehemu kubwa ya ule mpangilio laini. Waya wa M-Wire ulikuja mwaka 2007, faili za kusokotwa badala ya kuchongwa zikafuata mwaka 2008, na waya unaoitwa CM ukatokea mwaka 2010. Faili ya waya wa CM ukiikunja kwa vidole hubaki ilivyokunjwa kama waya wa shaba; ukiiweka kwenye kitakasio cha mvuke hunyooka tena. Zile rangi za dhahabu na buluu mnazoziona kwenye baadhi ya faili za leo ni tabaka jembamba la oksidi ya titani linaloachwa na kupashwa joto huko.

Baada ya miaka ya kuzitumia zote, maoni yangu ni haya: kwa mfereji uliopinda sana, swali la kama chuma kimepashwa joto au la lina uzito kuliko jina lililoandikwa kwenye pakiti, na kuliko umbo la makali. Faili mbili za umbo moja, moja ya waya wa kawaida na nyingine iliyopashwa joto, hutofautiana mkononi na katika mashine za kupimia uchovu, yaani kuchoka kwa chuma kinachopindishwa tena na tena hadi kikatike, kuliko faili mbili za maumbo tofauti zilizotengenezwa kwa waya mmoja. Hata hivyo ulaini una gharama yake. Faili laini hukata dentini polepole zaidi, na inapong'ang'aniwa na mfereji mwembamba mizunguko yake ya makali hufumuka. Kufumuka huko msikuchukie, kwa sababu kunaonekana kwa macho. Faili iliyofumuka imetoa taarifa kabla ya kukatika, nayo itupwe papo hapo.

Juu ya umbo la makali sitakaa sana. Mkato wa pembetatu yenye pande zilizovimba, kama wa faili za chapa ya ProTaper ya awali, una kiini kinene na nguvu dhidi ya msokoto, lakini ni mgumu kupinda. Kingo bapa za faili za chapa ya ProFile huiweka faili katikati ya mfereji kwa sababu hazing'ati ukuta, ila zinakata taratibu na huzalisha msuguano. Mkato wa mstatili usio katikati ya mhimili, kama wa ProTaper Next, huifanya faili iyumbe kama nyoka inapozunguka, hivyo hugusa ukuta kwa nukta chache kwa wakati mmoja na kuacha nafasi ya mabaki kupanda juu. Kanuni iliyo chini ya yote ni moja: kadiri eneo la chuma katika mkato linavyokuwa kubwa, ndivyo faili inavyovumilia kusokotwa na ndivyo inavyochukia kupindishwa.

Mwendo wa injini unastahili maneno zaidi. Mwaka 1985 Roane na wenzake walieleza mbinu ya mkono ya kuizungusha faili robo duara mbele ili ishike dentini, kisha kuirudisha nyuma kwa kuisukuma kidogo ili ikate. Mwaka 2008 Yared alitumia wazo lenye undugu na hilo kwa injini, akatayarisha mifereji kwa faili moja tu, F2 ya ProTaper, iliyokwenda pembe kubwa upande mmoja na kurudi pembe ndogo upande mwingine. Muda mfupi baadaye zikatolewa faili zilizobuniwa kwa ajili ya mwendo huo, Reciproc na WaveOne. Ubora wa mwendo wa kwenda na kurudi ni kwamba faili hugeuka kabla haijasokotwa hadi kuvuka kikomo chake, na kwa hiyo huishi zaidi. Lakini nimewaona madaktari wakiuchukulia uhai huo kuwa ruhusa ya kusukuma. Faili moja inayofanya kazi ya faili nne ina dentini mara nne ya kubeba, na ikisukumwa bila kutolewa na kusafishwa, hulisukuma tope la dentini kuelekea tundu la ncha. Katika mpindo mkali mimi hufanya miguso mitatu mifupi, natoa, nafuta, nasafisha mfereji kwa dawa, napitisha faili namba 10 ili nihakikishe njia iko wazi, ndipo narudi.

Sasa nifike kwenye ulinganishaji wenyewe, kwa maana ya maabara. Wanafunzi wengi wanaoanza utafiti huanzia kwenye vipande vya resini angavu vyenye mfereji uliopinda ndani yake. Vipande hivi vinafanana vyote, na hiyo ni faida kubwa, kwa kuwa picha ya kabla na picha ya baada zinaweza kuwekwa moja juu ya nyingine na tofauti ikapimwa. Lakini resini ni laini kuliko dentini, na faili inayozunguka huipasha joto hadi ikalainika na kunata kwenye makali. Faili iliyoshinda katika resini imeshinda katika resini.

Meno yaliyong'olewa na kupigwa picha za tomografia za kompyuta yanatupeleka karibu zaidi na ukweli. Mwaka 1996 Gambill, Alder na del Rio walitumia tomografia kupima dentini iliyobaki upande wa ndani na upande wa nje wa mpindo, kabla na baada ya kupanua. Tofauti ya kilichoondolewa pande hizo mbili huonyesha mfereji umehama kiasi gani, na sifuri maana yake haukuhama. Uwiano wake huonyesha faili ilikaa katikati kiasi gani, na 1 ni ukamilifu. Vipimo hivi vinatumika hadi leo, nami navipenda. Ninachowaomba watafiti ni kwamba wasitosheke na kutangaza kuwa tofauti ya takwimu ipo. Faili moja ikiuhamisha mfereji kwa milimita 0.05 na nyingine kwa milimita 0.09, hesabu zinaweza kusema tofauti ni halisi, na huenda ni halisi kweli; lakini Wu, Fan na Wesselink walionyesha mwaka 2000 kwamba uzibaji wa ncha huanza kuathirika mfereji unapohama zaidi ya milimita 0.3. Mgonjwa hawezi kunufaika na ushindi wa milimita 0.04 iwapo ili kuupata tumechagua faili inayokatika haraka.

Tena meno yenyewe lazima yalinganishwe kabla ya faili kulinganishwa. Peters na wenzake, katika kazi zao za mwaka 2001 za tomografia ndogo juu ya magego ya juu, walikuta kwamba umbo la mfereji kabla ya kuguswa liliathiri matokeo kuliko mbinu iliyotumika. Walikuta pia kwamba kila mbinu waliyoijaribu iliacha asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji bila kuguswa na chuma. Matokeo hayo mawili yalinipa unyenyekevu ambao sijauacha. La kwanza linamaanisha kwamba utafiti ambao kundi moja lina mizizi yenye nusu kipenyo kidogo na jingine lina mizizi yenye nusu kipenyo kikubwa umepima mizizi. La pili linamaanisha kwamba faili, hata iliyo bora, inafungua njia tu. Hipokloriti ya sodiamu ndiyo inayofika kule ambako chuma hakifiki, na EDTA, dawa inayoyeyusha madini ya dentini, ndiyo inayoondoa tope lililobandikwa ukutani.

Kuhusu mashine za uchovu, naomba msomapo jedwali mtafute mambo matatu kabla ya kutazama jina la mshindi. Tafuteni kwanza joto. Faili zilizopashwa joto hubadilika tabia kati ya joto la chumba na joto la mwili, na kipimo kilichofanywa kwenye meza baridi huzipendelea kupita kiasi. Tafuteni kama wameripoti sekunde au mizunguko. Faili iliyodumu sekunde 60 kwa kasi ya mizunguko 500 kwa dakika imezunguka mara 500. Iliyodumu sekunde 90 kwa kasi ya 300 imezunguka mara 450. Kwa kipimo cha saa, faili ya pili imeshinda; kwa kipimo cha mizunguko, faili ya kwanza imeshinda; na zote mbili ni kweli. Kisha tafuteni nusu kipenyo na mahali pa mpindo, kwa sababu zile hesabu za mwanzo zinaanzia hapo.

Hata mashine ikifanya kazi yake vizuri, inajibu sehemu ya swali. Sattapan na wenzake walichunguza mwaka 2000 faili za kuzunguka zilizokatika mikononi mwa madaktari katika kazi ya kila siku, wakakuta kwamba asilimia 55.7 zilikatika kwa msokoto na asilimia 44.3 kwa uchovu wa kupinda. Msokoto hutokea ncha inaponaswa huku injini ikiendelea kuzungusha shina. Huo hauzuiwi na mpindo mpole wala na waya laini. Huzuiwa na njia iliyotangulia kufunguliwa kwa faili za mkono namba 10 na 15 hadi ziteleze bila kizuizi, na kwa mkono usiosukuma. Kwa hiyo ninapoona utafiti unaosifu faili kwa uvumilivu wa uchovu peke yake, huuliza ilifanyaje iliponaswa.

Mtaniuliza basi mimi hutumia nini. Katika mfereji wenye mpindo mpole huwa sisumbuki. Karibu kila faili ya nikeli-titani iliyotengenezwa kwa uangalifu itafanya kazi, na kubadilisha faili kila msimu ni kupoteza uzoefu wa mkono. Katika mpindo mkali huanza kwa kuondoa dentini inayoisukuma faili pembeni mdomoni mwa mfereji, kwa sababu mpindo wa juu ukiondolewa faili hubaki na mpindo mmoja badala ya miwili. Kisha hutumia faili iliyopashwa joto, inayonenepa kwa asilimia 4, na huitumia katika jino hilo moja halafu naitupa. Iwapo nusu kipenyo ni kidogo mno na mpindo uko juu, husimamisha faili ya kuzunguka kabla ya mpindo na kuumalizia kwa mkono. Kuna wenzangu watakaoona huo ni woga. Nimekubaliana nao katika mengi, lakini si katika hilo.

Mezani kuna magego yaliyong'olewa, kila moja likiwa limefunguliwa na kuwekwa ndani ya kikombe chenye maji, na kando yake kuna faili namba 10 mpya. Nawaombeni, kabla ya mtu yeyote kuwasha injini, kila mmoja apitishe faili hiyo hadi nchani, aitoe taratibu bila kuizungusha, aishike mbele ya mwanga, aichore kwenye karatasi kutoka pande mbili, na aandike umbali wa kikunjo kutoka nchani. Tutakusanya michoro kwanza, ndipo tujadili ni faili ipi iingie katika jino lipi.